Mwaka Dada Alipopanda Ua la Mahameni

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Zainabu kule Nshamba, na watu walimsifu vizuri, nami nikakaa kimya kama mtu mzima. Ulipofika wakati wa chakula, mwanamume mmoja ambaye hata simjui, ana sahani ya ndizi na maharage yetu mkononi, akamwegemea mwenzake akasema, "Si ndiye yule aliyempandia mumewe mahame mlangoni?" Akacheka. Nikainuka. Nikamwambia, "We bwana, weka hiyo sahani chini, kisha useme tena." Wajukuu wakanishika mikono huku na huku, Bibi tulia, Bibi una presha. Sina presha. Nina hasira, na hasira hii ni ya tangu enzi za Mwingereza, wao hawajazaliwa wala baba zao. Basi nimeona nieleze mwenyewe, kwa mkono wangu, mimi niliyejifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari dukani, maana nikifa na mimi, maneno yatakayobaki ni ya yule mwenye sahani.

Ulikuwa mwaka ambao vita vilikwisha na askari wakaanza kurudi. Sisi watu wa Kibeta, pale Bukoba mjini, tulikuwa tunashuka hadi ziwani kuwatazama wakitoka melini, makoti yamewapwaya, wengine wanacheka bila sababu. Kila meli ilipotia nanga nilikwenda, nikitafuta sura moja tu, ya shemeji yangu Kamugisha, mume wa dada. Hakushuka. Mmoja alisema waliachana naye hospitali huko Bama, walikopigana na Mjapani. Mwingine alisema alipandishwa meli nyingine. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu mzima, na kati ya maneno hayo mawili ndipo dada yangu alipokuwa anaishi, peke yake, hana mtoto, katika kibanja cha mume, shamba lake la migomba na kahawa, huko Nshamba. Nikafunga nguo zangu nikamfuata. Nilikuwa msichana wa kuolewa, tena nilishamfukuza mchumba mmoja kwa mdomo wangu huu, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyenizuia.

Nyumba yenyewe ilikuwa msonge wa nyasi, mkubwa, na migomba imeukaribia mpaka majani yanagusa paa. Mchana wa jua kali ukiingia ndani ni kama magharibi. Chini tulitandaza nyasi mbichi, na nikifumba macho hata sasa naisikia ile harufu, nyasi na moshi na ganda la kahawa. Karibu na jiko palikuwa na kigoda cha Kamugisha, na hakuna aliyekikalia, hata mimi. Kila jioni dada alipika ndizi za watu watatu. Sehemu ya tatu aliifunika kwa jani la mgomba akaiweka pembeni, na asubuhi tulikula kiporo hicho, yeye na mimi, bila kusema ni cha nani. Mimi ninayesema kila kitu, hilo sikulisema.

Jambo la kuelewa ni hili. Kibanja kilikuwa cha ukoo wa mume. Maadamu Kamugisha anahesabiwa mzima, dada anakaa, analima, anachuma kahawa, hakuna wa kumgusa. Kamugisha akihesabiwa amekufa, na mtoto hakuna, wazee wanakuja na milamula. Mlamula ni ule mti wa mpaka, unakata kipande cha shina unachomeka ardhini, na ukishashika hapo hakuna wa kubishana nao. Wanachomeka milamula katikati ya migomba yako, huyu achukue hapa, yule pale, na mjane anarudi kwao na vyungu vyake. Na wa kwanza kugawiwa angekuwa Rwezaura, mdogo wake Kamugisha, ambaye kibanja chake kilipakana na chetu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanza kuwapa watu kiburi miaka ile. Usiku watu hawakuota wake, waliota mibuni.

Masika, tukitoka gulioni Nshamba, dada alisimama njiani penye mahame. Palikuwa na familia hapo zamani, wakaisha, nyumba ikaanguka, na porini pale pameota mmea mmoja una majani magumu, pembeni yote ni miiba, na juu ya miiba hiyo maua ya zambarau nyekundu yamesimama kama yametoka kanisani. Kwa Kihaya una jina lake. Dada baadaye alikataza jina hilo lisitajwe kwake, na mimi nimemtii hadi leo, sitalitaja hapa. Alifunga mkono kwa ncha ya kanga, akachimbua chipukizi na mzizi wake. Nikamwambia, "Dada, hilo lichoma-watu unalipeleka wapi?" Akasema, "Hadija, tangu mwaka juzi natazama migomba. Kijani, kijani, kijani. Akirudi huyo bwana akute na ua." Basi. Mtoto wa mjini aliona ua, akalipenda, akalipanda kando ya mlango. Hakuna zaidi ya hapo, na huyo mwenye sahani aje anibishie.

Likashika. Mvua ilipopungua tulilinywesha maji tuliyonawia. Likatoa majani, yakawa makubwa, ukipita usiku kwenda uani linakukwaruza muundi kama paka. Na tangu liliposhika, watu wakabadilika. Sikuelewa mara moja. Kwanza waliacha kuja kuomba moto. Halafu vijana waliokuwa wanapita wakipiga mluzi, wakifika kwetu wanaukata, wakishapita wanaendelea. Wanawake wakikutana na dada kisimani waliteremsha sauti kama wanaongea na mkubwa, "Waitu, habari za huko," na kabla hajajibu wameinamisha macho. Mtu akipita na jembe begani, analishusha. Nikamwambia dada, "Hawa watu tumewakosea nini?" Akasema, "Acha kiherehere." Lakini niliona naye anachelewa kwenda kisimani, anasubiri wengine waondoke.

Siku moja akaja Ma Kokutona, jirani wa ng'ambo ya njia, mama mzee ambaye alikuwa akiingia kwetu bila hodi na kukemea sufuria zetu. Siku hiyo alipiga hodi. Alikaa kwenye nyasi, si mahali pake pa kawaida, bali karibu na mlango. Dada akamletea akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hawezi kuinuka bila kuionja. Ma Kokutona akaitazama ndani ya kikasha. Akaurudisha mkono wake mapajani.

"Asante mwanangu. Leo hapana."

"Unaumwa, Ma?"

"Siumwi."

"Sasa kahawa yangu ina nini?"

"Haina kitu. Kaa tu. Nimekuja kukaa nawe."

Akakaa. Alimtazama dada anavyomenya ndizi, mpaka mimi nikashindwa, nikasema, "Ma, kama umekuja kututazama sema tuvae vizuri." Zamani angenitupia ganda la ndizi. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko kofi. Alipoondoka dada alikitikisa kikasha cha kahawa, akanusa, akaitafuna moja mwenyewe. Kahawa ilikuwa nzuri.

Mtu mmoja tu hakubadilika, na huyo alikuwa Rwezaura. Tena alizidi. Kabla ya ua hilo alikuwa anatusalimia kwa mbali. Sasa kila baada ya siku chache yuko mlangoni, mikono nyuma, anainama kulitazama. "Shemeji, mkono wako una baraka. Tazama linavyonawiri." Akaleta samadi ya ng'ombe wake, kikapu kizima, akaimwaga mwenyewe kwenye shina, akaisukumia kwa mguu. Wiki nyingine majivu. Dada alifurahi, maskini, alisema kumbe shemeji ana moyo, na mimi nikamjibu kwamba mtu asiyeleta hata mkungu wa ndizi kwa mke wa kaka yake, halafu analilisha ua samadi, simwelewi. "Wewe humwelewi mtu yeyote," dada akasema. Kweli. Lakini niliona jambo. Rwezaura hakuuliza habari za Kamugisha hata siku moja. Aliuliza tu, "Bado tumba?" Na dada anacheka, "Bado shemeji, subira." Na yeye anatikisa kichwa, "Nitasubiri. Mimi nina subira." Nimezeeka, nimesikia watu wengi wakinitishia, hata polisi. Hakuna sauti inayonirudia kama ile ya mtu mpole anayesubiri ua lichanue.

Senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka mwaka huo kwa wingi, baada ya mvua kubwa. Asubuhi kulipokucha mbingu ilikuwa kama inatikisika, na wanawake wote walikuwa nje na vikapu. Nikaenda kwa Ma Kokutona kuwanyonyoa, kuwatoa mabawa na miguu, tumekaa jikoni kwake tumezunguka nyungo, vidole vinateleza kwa mafuta. Dada alibaki nyumbani. Hakualikwa. Nami pia sikualikwa, nilijialika. Wakanitania kidogo, kama zamani.

"Mtazameni huyu wa mjini, ananyonyoa kama anamkaba mwizi."

"Atakayemwoa huyo alale na kofia ya chuma."

Nikasema, "Na wewe mume wako anavyokoroma, panzi wote wa Muleba wamehamia Bukoba," na wakacheka, jiko likajaa kicheko, nikasema kumbe mambo yamekwisha. Ndipo mke mmoja kijana, mgeni hapo, ameolewa juzi tu, akauliza bila kuinua kichwa, "Lile ua lenu limeshatoa tumba?"

Vidole vyote vikasimama. Ulikuwa unasikia senene tu, wanavyotambaa ndani ya kikapu.

"Limetoa jana," nikasema. "Kwani vipi? Mbona mnanyamaza? Semeni!"

Ma Kokutona akamwambia yule kijana, "Umeambiwa na nani useme?" Kisha akanigeukia mimi. "Mwana wange, dada yako amepata habari za mumewe kutoka wapi?"

"Habari gani?"

"Za kifo."

Nikaruka, ungo ukamwagika, senene wakatapakaa. Nikapiga kelele nani amesema shemeji amekufa, nani, asimame! Ma Kokutona akanivuta kanga nikakaa. Na hapo, kwa sauti ya chini, akanieleza. Mmea ule kwao haupandwi. Unaota wenyewe penye nyumba iliyokwisha. Mwanamke akiutoa mahameni kwa mkono wake na kuupanda mlangoni, anawaambia watu kile ambacho mdomo wake umeshindwa kusema: mwenye nyumba hii hayupo tena. Watu wanamwacha aomboleze kwa namna yake. Hawaombi moto kwake, hawapigi mluzi, hawatafuni kahawa yake. Na ua likichanua, maombolezo yamekwisha. Wazee wanakuja na milamula.

"Yaani miezi yote hii," nikasema, "mlikuwa mnatuhani msiba?"

"Tungefanyaje? Tulisema amepata habari, anaona uchungu kutamka. Utamwuliza mfiwa kama kweli amefiwa?"

"Dada yangu amezaliwa Bukoba, Ma! Nyumbani kwetu mtu akipanda ua amepanda ua!"

Akafunika mdomo kwa mikono yake yenye mafuta. "Mawe! Mawe!" akasema, yaani mama yangu we. Wengine wakainamisha vichwa. Nikasema nakwenda kuling'oa sasa hivi, na yeye akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Aliyelipanda haling'oi, wala mtu wa kwao. Akiling'oa yeye ni kama anakiita kifo mara ya pili. Hung'olewa na mtu wa damu ya mwenye nyumba, akianza aliye karibu zaidi, na kwa kuling'oa anakuwa amesema, ndugu yangu yu hai.

"Na wa damu yake ni nani hapa?"

Ma Kokutona aligeuza uso kuelekea kwa Rwezaura. Hakukuwa na haja ya kumtaja. Wote tulikuwa tumeiona ile samadi.

Nilimwambia dada yote nikiwa nimesimama, nahema. Alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe. Hakulia. Alitoka, akalitazama lile tumba, limefungwa bado, limebana miiba yake kama ngumi. Kisha akajitanda kanga ya pili, ile nzuri, akaenda kwa Rwezaura mwenyewe. Mimi nilibaki mpakani, kwa amri yake, nikisikiliza. Alimwambia kwa heshima: shemeji, nilikosea, sikujua, naomba uje uling'oe. Rwezaura akasema, "Lo, hayo tu shemeji? Kesho asubuhi." Kesho akawa amekwenda Kamachumu. Kesho kutwa mgongo unamuuma. Na kila asubuhi dada alikuwa anatoka kabla ya kunawa uso, anatazama mlangoni, na tumba linazidi kulegea. Watu wengine huombea ua lifunguke. Mimi nililiombea baridi, nililiombea mende, nililiombea jani la mgomba liliangukie.

Likachanua. Asubuhi ya ukungu, tulivu, tunatoka na lipo, zambarau nyekundu, zuri kupita kiasi, liliniudhi kwa uzuri wake. Umande haujakauka na tukawaona wanakuja kati ya migomba kwa mstari mmoja, wazee wa ukoo. Mbele Ta Mutembei, mkubwa wao, mzee mrefu anayetembea polepole, na kwapani mwake vipande vya milamula vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nyuma kabisa Rwezaura. Mgongo haukumuuma tena.

Dada aliwakaribisha. Nyasi alikuwa ametandaza mbichi, alfajiri hiyo hiyo. Hawakuingia. Akawatolea akamwani nje, hawakugusa. Ta Mutembei akasema kwa upole, "Mwanangu, pole. Umevumilia. Sasa tumekuja kukutua mzigo."

"Mume wangu hajafa, waitu. Nilipanda ua."

"Tunaliona."

"Sikujua maana yake."

Mzee akatazama chini. "Mkono umesema, mwanangu. Sisi hatuwezi kusema mkono haukusema." Na akaanza kufungua kamba ya milamula.

Dada alikuwa amenikataza kufungua mdomo. Aliniapisha. Lakini nilipoona ile kamba inafunguka nikasikia masikio yanapiga kelele, na kilichofuata kilitoka chenyewe. "Ta Mutembei! Nipige, lakini nisikilize. Mnasema ua hili ni kifo cha shemeji yangu. Haya. Dada yangu alilipanda kwa ujinga wa mjini. Huyu Rwezaura amezaliwa hapa, anajua! Nani alililisha samadi? Muulizeni! Kijiji kizima kimemwona na kikapu! Nani kila wiki anauliza bado tumba, bado tumba? Mtu wa damu ndiye anayeling'oa, si ndivyo? Basi aling'oe! Aling'oe sasa hivi mbele yenu, tuone kama anataka kaka yake arudi!"

"Funga mdomo, we mtoto," Rwezaura akasema.

Lakini Ta Mutembei alikuwa ameacha kamba. Alitazama shina. Samadi ilikuwa pale, safu juu ya safu, nyeusi, imekaukia na alama ya mguu.

"Samadi ni yako?"

"Nilimsaidia shemeji tu."

"Sawa. Msaidie tena. Ling'oe, mwanangu."

Rwezaura akacheka kidogo. Akasogea, akainama, akanyoosha mkono, akausimamisha. "Lina miiba," akasema.

Dada akavua ile kanga yake nzuri mabegani. Akaikunja mara mbili, akaja akampa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kama mtu anavyompa mkubwa wake chakula. "Funga mkono, shemeji."

Akaipokea. Akaizungusha mkononi. Nami niliyetaka kumrukia dakika ile nikajikuta namwombea, ling'oe, bwana we, ling'oe tu, nitakusamehe yote. Jasho lilimtoka kwenye ukungu ule. Alilishika shina. Nikaona kidole kimekaza, nikaona kinalegea. Aliinua macho akaitazama migomba, na mibuni nyuma ya migomba, myekundu tele, ndani kabisa mpaka mwisho wa kibanja. Halafu akaachia. Akaikunjua kanga, akaiweka juu ya kizingiti, taratibu, akaondoka zake bila kuaga mtu.

Wazee walibaki wamesimama, wameona aibu kama waliochungulia mahali. Ta Mutembei akaufunga tena ule mzigo wa milamula. Kisha mzee yule, na mifupa yake, akapiga magoti kwenye samadi na kuling'oa mwenyewe, bila kitambaa, maana wa karibu akishindwa naye ni damu, baba yake yeye na babu wa Kamugisha walizaliwa nyumba moja. Viganja vyake vilitoka damu. Dada akamletea maji. Alipokwisha kunawa akaingia ndani, akakaa kwenye nyasi, akaomba kahawa. Wenzake wakamfuata.

Basi tukabaki na kibanja, na ng'ambo ya mpaka tukabaki na mtu ambaye sasa tunamjua. Hilo ndilo watu hawalisemi. Tulisalimiana naye kila asubuhi, mwaka mzima. Dada hakumruhusu tena kuleta hata kuni.

Kamugisha alirudi wakati wa kahawa iliyofuata, amekonda, ana kovu shingoni. Hospitali ilimshika, kisha meli ikamshika. Aliingia, akakaa kwenye kigoda chake, akala, akaulizia watu wote mmoja mmoja, mwisho akasema, "Na mdogo wangu Rwezaura je?" "Mzima," dada akasema. Nikafungua mdomo. Dada akanitazama, na mimi nikaufunga, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa la kwake kusema au kutosema, na hakulisema mpaka anaingia kaburini. "Mbona haji kunisalimu?" Kamugisha akauliza. "Basi nitamfuata mimi." Akachukua fimbo yake, akavuka mpaka jua likiwa bado liko juu.

Dada alikaa mlangoni akitazama upande ule. Hakumenya ndizi, hakuwasha moto. Miezi yote tuliyomngoja Kamugisha sikuwahi kumwona anasubiri namna ile. Tulisikia vicheko viwili vya wanaume, kisha kimya, kisha kicheko kimoja tu. Jua lilikuwa limegusa migomba aliporudi, anayumba kidogo, anaimba, amenyweshwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Mdogo wangu amelia!" akasema. "Amelia kama mtoto kuniona!"

Dada aliinuka. Alimshika kidevu kwa mikono miwili, akauvuta uso wake chini, akamnusa mdomo, akamnusa tena, kama unavyomnusa mtoto aliyeokota kitu njiani akala, hujui kama kina sumu.

"Umekuwaje, mke wangu?" Kamugisha akacheka.

"Hakuna," dada akasema. "Ingia ndani."